Barua ya wazi kwa viongozi wa halmashauri na hospitali za Dodoma na Singida: tarehe 30 Juni isiwe ndiyo inayowasha mfumo

Kwa Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri, Waganga Wakuu wa Wilaya, Waganga Wafawidhi na wajumbe wa Kamati za Ukaguzi na Mapokezi.

YAH: KUPANGA, KUFUNGA NA KUJARIBU MIFUMO YA KOMPYUTA HOSPITALINI

Ndugu viongozi,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni mafundi na maafisa TEHAMA tunaofunga nyaya, seva na mifumo ya usimamizi wa hospitali kanda ya kati. Tunawaandikia hadharani kwa sababu tarehe ya kuwasha mfumo mnaipanga ninyi, na saini ya kuupokea ni yenu. Tunaomba jambo moja: hati ya mapokezi isitiwe saini mpaka mfumo uzimiwe umeme ukiwa kazini, urejeshwe kutoka kwenye nakala rudufu, na ubebe asubuhi nzima ya wagonjwa, yote hayo mbele ya kamati yenu. Iwe ni GoTHOMIS, mfumo wa Serikali wa kuendesha hospitali, au mfumo mwingine wowote, ombi ni lilelile, kwa kuwa mengi yanayokwamisha yako kwenye nyaya, umeme, data na ratiba.

Mnajua jinsi mwaka unavyokwenda. Fedha zinachelewa kuingia, zabuni inapita NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa mtandao, vifaa vinafika Mei, na kwa kuwa mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, kila kitu kinasukumwa kiishe kabla ya siku hiyo. Muda ukibana, kinachokatwa ni majaribio. Kompyuta isipoletwa meza inabaki tupu na kila mtu anaona. Jaribio lisipofanyika hakuna anayeona chochote mpaka Julai, foleni ikishatoka nje ya mlango wa mapokezi. Njia ya kutoka hapo ipo. Mkataba uandikwe kwa hatua za malipo: vifaa vilivyofika na kukaguliwa vilipwe ndani ya mwaka wa fedha, kisha sehemu ya majaribio na mwezi wa kwanza wa uendeshaji iwekwe kwenye bajeti inayoanza Julai. Mgawanyo tunaoupendekeza ni asilimia 40 vifaa vikikaguliwa, 30 mtandao na umeme vikifaulu vipimo, 20 baada ya siku 30 za kazi halisi, na 10 ya mwisho baada ya miezi 12 ya dhamana. Mzabuni ambaye ameshalipwa asilimia 90 siku ya uzinduzi hana sababu ya kurudi Mpwapwa au Kondoa kwa ajili ya printa isiyotoa stakabadhi.

Benki ya TSB ya Uingereza iliwahi kuponzwa na tarehe. Aprili 2018 ilihamisha wateja wapatao milioni 5.2 kwenda mfumo mpya katika Jumamosi na Jumapili moja. Wateja wanaofikia milioni 1.9 walishindwa kuingia kwenye akaunti zao, na Desemba 2022 benki ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65. Uchunguzi ulioagizwa na benki yenyewe ulionyesha kwamba mpango ulitengenezwa kwa kushika tarehe ya mwisho kwanza na kurudi nyuma, na kwamba kati ya vituo vyake viwili vya data, kimoja tu ndicho kilichopimwa kama kingehimili wingi wa wateja. Ile ilikuwa benki yenye fedha na wataalamu wa kutosha. Hospitali ya wilaya haina hata nusu ya nafasi ya kurekebisha mambo ikishakosea.

Kabla ya kuandika mahitaji ya zabuni, fundi, muuguzi na mhasibu wapite pamoja kila mahali mgonjwa anapopita, na wahesabu. Tuchukue hospitali ya kawaida: mapokezi 2, dirisha la malipo 2, vyumba vya daktari 6, maabara 2, dirisha la dawa 2, stoo 1, kliniki ya mama na mtoto 2, wodi 4, utawala 3. Hivyo ni vituo 24 vya kazi. Kila kituo kiwekewe soketi mbili za mtandao, kwa sababu printa na kompyuta ya pili huja bila kubisha hodi; jumla 48. Ongeza vifaa 6 vya mtandao usiotumia waya, ni 54. Kwa wastani wa mita 35 kwa kila soketi mnahitaji mita 1,890 za kebo, yaani maboksi 7 ya mita 305. Tunaeleza hesabu hii yote kwa sababu tumekuta makadirio ya zabuni yenye swichi moja ya mtandao (kifaa kinachogawa mtandao kwa nyaya) ya milango 24 na maboksi mawili ya kebo kwa majengo saba. Fundi akipewa hayo, ataunganisha vijiswichi vya milango mitano chini ya meza, kimoja juu ya kingine, na siku mfagizi akichomoa plagi, maabara nzima inazima.

Kebo yenyewe ikaguliwe siku inapofika. Sokoni kuna kebo iliyoandikwa Cat 6 ambayo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Boksi lake ni jepesi kuliko la shaba halisi, na ukikwaruza uzi mmoja kwa kisu unaona weupe chini ya wekundu. Inakatika kwenye soketi, upinzani wake ni mkubwa, na kamera au kifaa kinachopata umeme kupitia kebo hiyo hujizima na kujiwasha bila mpangilio. Kwa mjumbe wa kamati, kisu kidogo na mizani ya stoo vinatosha kuikataa.

Hospitali zetu zina majengo yaliyotawanyika, na hapa makosa mawili hujirudia. La kwanza ni umbali: kebo ya shaba ya mtandao haitakiwi kuzidi mita 100 kutoka swichi hadi kompyuta. Kutoka chumba cha seva hadi wodi ya wazazi mara nyingi ni mita 150 au zaidi. Mtandao utawaka siku ya kwanza, kisha utakuwa unakatika wakati wa joto. La pili ni radi. Waya wa shaba uliovuka kiwanja kutoka jengo moja hadi jingine hubeba mshtuko wa umeme radi ikipiga karibu, hata isipogusa jengo lolote, na huunguza swichi mbili kwa pamoja, ya huku na ya kule. Kati ya jengo na jengo tumieni faiba, ndani ya bomba lililofukiwa sentimita 60, lenye utepe wa onyo juu yake ili mchimba mtaro wa maji asiikate. Faiba haipitishi umeme. Gharama yake imeshuka kiasi kwamba swichi mbili zilizoungua zinatosha kuilipa.

Sasa ethi, yaani njia ya kuupeleka umeme wa hatari ardhini, ambayo tungependa isomwe mara mbili. Mvua kwetu zinanyesha kati ya Desemba na Aprili, basi. Miezi mingine ardhi ni kavu, na sehemu nyingi mwamba uko karibu. Upinzani wa ethi hupanda udongo ukikauka. Mkandarasi akipima Machi, chini ya mti, udongo ukiwa umelowa, atapata omu 4 na kila mtu atafurahi. Pimeni tena Oktoba mahali hapohapo mnaweza kukuta omu 20 au zaidi. Vifaa vya kuzuia mruko wa umeme havina pa kuutupa umeme huo kama ethi ni mbovu. Kwa hiyo mkataba useme wazi: ethi ya chumba cha seva isizidi omu 5, ipimwe kwa kipima ethi chenye vijiti vya pembeni, na kipimo kinachohesabika ni cha Septemba au Oktoba. Kijiti kimoja cha mita 1.2 hakitoshi katika ardhi ya Bahi au Manyoni. Wekeni vijiti vitatu au vinne vya shaba, vilivyoachana kwa umbali usiopungua urefu wa kijiti chenyewe, na ikiwezekana mara mbili yake, vimezungushiwa bentonaiti inayoshika unyevu, viunganishwe pamoja na ethi kuu ya jengo. Kuacha ethi ya kompyuta ipweke, bila kuunganishwa na ile ya jengo, ni hatari: radi ikipiga, mbili hizo zinakuwa na volti tofauti, na tofauti hiyo inapita ndani ya vifaa vyenu.

Kuhusu UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, msidanganywe na namba iliyoandikwa kwenye boksi. UPS ya kVA 3 inasema ni mzigo gani inaweza kubeba. Haisemi kwa muda gani. Muda uko kwenye betri. Betri 8 za volti 12, Ah 9, ni Wh 864 kwenye karatasi. Seva, swichi na ruta zikivuta W 500, na ukitoa hasara ya ubadilishaji pamoja na ukweli kwamba betri ya risasi haitoi chote ikikamuliwa haraka, mnabaki na saa moja hivi, betri zikiwa mpya. Muda wa kuishi wa betri hizo hupungua karibu nusu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazozidi 25. Chumba cha stoo chenye dirisha la kioo linaloelekea magharibi hakifai.

Halafu kuna jenereta. Kosa linalowashangaza wengi ni hili: umeme wa TANESCO unakatika, jenereta inawaka, taa zinarudi, ila seva inazima baada ya saa moja. Chanzo ni kwamba jenereta ndogo haishiki masafa ya umeme ya Hz 50 sawasawa, UPS inaukataa umeme huo na kuendelea kula betri mpaka ziishe, na kwenye paneli yake inalia muda wote hakuna anayesikia. Jaribio lake ni rahisi. Saa nne asubuhi, watu wakiwa kazini, mkuu wa karakana ashushe swichi kuu. Angalieni UPS kwa dakika kumi baada ya jenereta kushika. Kama taa ya kuchaji haijarudi, kazi haijaisha. Mipaka ya masafa kwenye UPS ipanuliwe au gavana ya jenereta, yaani kidhibiti cha mwendo wa injini, irekebishwe. Angalieni pia kama kiyoyozi cha chumba cha seva kimo kwenye laini ya jenereta. Mara nyingi hakimo, na chumba kilichofungwa hupita nyuzi 35 kabla ya mtu kukumbuka kukifungua.

Vumbi tulitaje kwa kifupi, kwa kuwa mnaliishi. Kabati la seva liwe na mlango na vichujio vinavyooshwa kila mwezi kuanzia Juni hadi Novemba, viyoyozi viwe viwili vinavyopokezana, na bomba la maji ya kiyoyozi lisipite juu ya kabati.

Intaneti iwe na njia mbili za makampuni tofauti zinazopita njia tofauti, mfano faiba na laini ya simu ya 4G. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, nchi nzima ilisikia. Swali la kumuuliza mzabuni ni hili: laini zote mbili zikikatika, mgonjwa anaweza kuandikishwa, kupimwa na kupewa dawa? Kama seva iko hospitalini, jibu linapaswa kuwa ndiyo, na kinachosubiri ni malipo ya GePG (mfumo wa malipo ya Serikali) na madai ya bima tu. Kama seva iko mbali, lazima kuwe na utaratibu wa karatasi uliokwisha kuchapwa na kupewa namba, uliowekwa kwenye droo ya kila dirisha.

Data ndiyo sehemu ambayo haipewi siku za kutosha. Orodha ya dawa ikihamishwa kutoka daftari la stoo, kipimo kinachanganywa. Kopo la vidonge 1,000 linaandikwa 1. Dirishani mfumo unatoa kidonge kimoja kimoja. Makopo 12 yakiingizwa kama vidonge 12, mgonjwa wa kwanza wa asubuhi anamaliza stoo yote ya amoksilini. Ikiwa kinyume chake, mfumo utaonyesha vidonge 12,000 ambavyo havipo, na hospitali haitaagiza mpaka rafu ziwe tupu. Dawa ihesabiwe kwa kidonge, chupa au kichomo, stoo ikiwa imefungwa, Jumamosi jioni, na mtunza stoo na mfamasia watie saini kila ukurasa.

Majedwali ya Excel nayo yana mtego wake. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba, na tano za mwisho hugeuka sifuri kimyakimya. Namba ya simu hupoteza sifuri ya mwanzo. Tarehe 03/07 inakuwa 7 Machi badala ya 3 Julai kama kompyuta imewekwa mpangilio wa Marekani. Safu hizo ziwekwe kuwa maandishi kabla ya kuandika chochote. Ukishaandika, kilichopotea hakirudi kwa kubadilisha mpangilio. Baada ya kuhamisha, chukueni majina 50 bila kuchagua, mlinganishe na daftari moja baada ya jingine.

Kisha majina ya kwetu. Andikisheni mgonjwa anayetoka Makang'wa wilayani Chamwino, au Ng'ambi huko Mpwapwa. Mfumo uliotengenezwa ovyo huona ile ritifaa, alama ya juu katika ng', kama mwisho wa maandishi na kukataa kuhifadhi, au unafungua ukurasa wa makosa wenye maneno ya ndani ya hifadhidata. Likitokea hilo, simamisheni mapokezi hapohapo: mlango huohuo unaokwama kwa Ng'ambi ndio ambao mhalifu hutumia kuingiza amri zake na kuchota taarifa za wagonjwa wote. Jaribuni pia kutafuta jina lililoandikwa kwa simu, maana simu nyingi huweka ritifaa iliyopinda na kompyuta huweka iliyonyooka, na mfumo usiojua kuwa ni kitu kimoja utasema mgonjwa hayupo. Ataandikishwa upya na kuwa na mafaili mawili, historia ya mzio wa dawa iko katika faili lisilofunguliwa. Kata moja ya Jiji la Dodoma huandikwa Ng'ong'ona na pia Ng'hong'onha. Maeneo yachaguliwe kwenye orodha, yasiachwe kuandikwa kwa mkono.

Jaribio la foleni lifanywe kwa hesabu. Tuseme wagonjwa 150 wanafika kati ya saa mbili na saa tano asubuhi, na madirisha ya mapokezi ni mawili. Kila dirisha linahitaji kuhudumia watu 25 kwa saa, yaani sekunde 144 kwa mtu. Muwekeni karani halisi wa mapokezi, mbali na kijana wa mzabuni anayeujua mfumo kama nyumba yake, mpime kwa saa ya mkononi. Akitumia dakika 4 kwa mtu, madirisha mawili yatahudumia watu 30 kwa saa, na kufikia saa tano watu 60 watakuwa bado wamesimama. Hapo suluhisho linajulikana mapema: kupunguza vipengele vya lazima kwenye fomu, kuongeza dirisha la tatu, au kutenganisha wanaorudi na wapya. Jaribio hilo lifanyike kompyuta zote 24 zikiwa zimefunguliwa na watu wakibonyeza, maana mfumo unaofunguka haraka kwenye kompyuta moja jioni hauna ushahidi wowote wa Jumatatu asubuhi.

Malipo yajaribiwe kwa kuyaharibu kwa makusudi. Mgonjwa alipie kwa simu namba ya kumbukumbu iliyotolewa, na kabla taarifa haijarudi, fundi achomoe waya wa intaneti. Mgonjwa ana ujumbe wa malipo, mfumo unasema hajalipa. Je, intaneti ikirudi malipo yanajiingiza yenyewe? Yanaingia mara moja au mara mbili? Na katika dakika hizo, nani ana mamlaka ya kumruhusu mama mwenye mtoto mwenye homa aende maabara? Jibu la swali la mwisho haliko kwenye kompyuta. Mganga Mfawidhi aliandike, alibandike dirishani kabla ya siku ya kuwasha.

Tunawaomba pia mtazame kwa uzito suala la akaunti za watumiaji. Kila mtu awe na jina lake na nywila yake, hata wa zamu ya usiku, hata mwanafunzi wa mazoezi. Mfumo uweke kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na saa ngapi, na kumbukumbu hiyo asiweze kuifuta mtu yeyote, mzabuni akiwemo. Saa ya seva ijirekebishe kwa mtandao. Betri ndogo ya saa ikifa na tarehe ikarudi miaka ya nyuma, kumbukumbu zote hizo zinapoteza maana. Tunasema hivi kwa ajili ya wahasibu wasaidizi wanaokaa dirisha la malipo. Katika Posta ya Uingereza, ambako mfumo uitwao Horizon ulianza kufungwa mwaka 1999, watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa upungufu wa fedha, kwa kutegemea ushahidi wa mfumo huo. Desemba 2019 Mahakama Kuu ya huko ilisema mfumo ulikuwa na kasoro, na ilithibitika pia kwamba watu wa kampuni iliyoutengeneza waliweza kugusa hesabu za matawi wakiwa mbali, bila mwenye tawi kujua. Nyingi ya hatia hizo zilifutwa kwa sheria ya Bunge Mei 2024. Wengine walikuwa wameshafungwa, wengine wameshafariki. Kwa hiyo, mfumo ukionyesha upungufu katika miezi mitatu ya kwanza, kumbukumbu ya mfumo na taarifa za benki zilinganishwe kabla ya mtumishi kuandikiwa barua ya kujieleza.

Taarifa za wagonjwa sasa zina sheria yake, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Diski yenye nakala rudufu ikiwa wazi kwenye mkoba wa fundi, hospitali ndiyo inayowajibika. Na Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 inazitaka taasisi za umma zifuate viwango vya Mamlaka ya Serikali Mtandao. Afisa TEHAMA wa halmashauri aombwe kuandika, kwa saini yake, kwamba vimefuatwa.

Nakala rudufu: ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja iwe nje ya jengo. Diski iliyochomekwa kwenye seva saa 24 haihesabiki, kwa sababu kirusi kinachofunga mafaili kitaifunga nayo. Diski mbili zinazofanana ndani ya seva moja hazihesabiki pia. Ukifuta faili kwa makosa upande huu, limefutika na kule. Ila hata nakala kumi hazina thamani kama haijawahi kurejeshwa hata moja. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kuwatunzia waandishi wa programu kazi zao, ilifuta hifadhidata yake kwa bahati mbaya. Ilikuwa na njia tano za kutunza nakala, na hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Iliokolewa na nakala iliyokuwa imechukuliwa saa sita kabla, kwa ajili ya shughuli nyingine.

Jaribio lifanyike hivi: chukueni nakala ya jana, mwekeni fundi wa hospitali, siyo wa mzabuni, airejeshe kwenye kompyuta nyingine isiyo na kitu, akifuata karatasi ya maelekezo peke yake. Hesabuni wagonjwa waliomo, fungueni faili la mgonjwa wa jana jioni, mpime muda tangu kuanza mpaka kuona jina lake. Muda huo uandikwe. Ukizidi saa nne, mjue kwamba siku seva ikifa mtafanya kazi kwa karatasi siku nzima, na fomu zilizo kwenye droo ziongezwe ipasavyo. Kisha rudieni kila miezi mitatu.

Mafunzo yatolewe wiki mbili za mwisho, si miezi miwili kabla, kwenye nakala ya mazoezi yenye wagonjwa wa kubuni, na yawafikie watu wa zamu zote. Kila idara iwe na watu wawili wanaoujua mfumo vizuri kuliko wengine; mmoja akienda likizo, yupo wa pili. Posho ya mafunzo ya watu wa usiku msiikate.

Siku ya kuwasha iwe Jumanne, katikati ya mwezi. Jumatatu foleni ni ndefu mno, Ijumaa mafundi wanabaki na siku mbili za ofisi kufungwa, na mwisho wa mwezi kila mtu anaandaa taarifa. Anzeni na mapokezi na malipo, wiki inayofuata dawa na maabara, wodi ziwe za mwisho. Kwa wiki mbili vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za huduma za afya, viendelee kujazwa sambamba, na kila jioni mlinganishe namba tatu: waliohudhuria, fedha iliyokusanywa, na mabaki ya dawa tano zinazotoka sana. Zikitofautiana, tafuteni sababu usiku huohuo wakati watu bado wanakumbuka. Vilevile iandikwe mapema ni jambo gani likitokea mtarudi kwenye karatasi, na nani anatoa amri hiyo. Dakika 15 za mfumo kusimama zinatosha kuanza kutumia fomu za droo.

Wakati wa kukabidhiana, dai vitu hivi kwa mkono: mchoro wa mtandao wenye namba za kila soketi, ripoti ya kipimo cha kila kebo, nywila zote za juu ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri na kuwekwa kwenye sefu, leseni zilizoandikwa kwa jina la hospitali, na maelezo ya jinsi ya kutoa data yote mkataba ukivunjika. Vipuri viwe ndani ya stoo yenu: swichi moja, kompyuta mbili, printa mbili za stakabadhi, moduli nne za faiba. Kusubiri swichi kutoka Dar es Salaam, umbali wa kilomita 450 hivi, ni siku mbili ambazo maabara itakuwa inaandika majibu kwa kalamu.

Tunaomba Kamati ya Ukaguzi na Mapokezi iongezewe muuguzi wa zamu ya usiku, mtunza stoo, mhasibu wa dirishani na fundi mmoja kutoka wilaya jirani asiye na uhusiano na mzabuni. Tumeandaa fomu ya majaribio ya kurasa mbili inayofuata mpangilio wa barua hii, yenye nafasi ya kipimo, tarehe na saini ya aliyeshuhudia. Mkurugenzi atakayeiambatisha kwenye nyaraka za zabuni kabla haijatangazwa, mzabuni atajua tangu mwanzo atapimwa kwa nini, na bei yake ataipanga akijua hivyo. Tuko tayari kukaa na kamati yoyote ya wilaya kuipitia, bila malipo, kabla ya zabuni za mwaka ujao wa fedha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mafundi na maafisa TEHAMA wa kanda ya kati,
Dodoma.